Nyama si lazima, lishe ni lazima

Hapa Gasorwe familia nyingi humaliza majuma bila kuonja nyama. Sababu tunaijua: pesa hakuna. Lakini wako pia majirani ambao hata wakialikwa harusini, nyama hawaigusi. Kwa nini?

Sababu zao

Imani: Baadhi ya Wasabato hawali nyama yoyote. Kanisa lao, lililoundwa rasmi Marekani mwaka 1863, hukataza nguruwe na huhimiza nafaka, matunda na mboga. Marasta wengi pia hawali nyama.

Afya: Wengine walishauriwa na muganga wapunguze nyama yenye mafuta, wakaamua kuiacha kabisa. Mwaka 2015, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba nyama za viwandani, kama soseji, huchangia saratani.

Huruma: Wengine hawataki mnyama achinjwe. Uingereza, mwaka 1944, kilianzishwa chama cha watu wasiokula hata mayai wala maziwa.

Je, mwili unatosheka?

Mtu mzima mwenye afya anaweza kuishi vizuri bila nyama. Maharagi, soya na karanga hujenga mwili. Maharagi yakiliwa na ugali wa mahindi, kimoja hukamilisha kingine. Lengalenga na sombe zina madini ya chuma yanayosaidia kutengeneza damu. Kamulia ndimu, au kula pera au nyanya pamoja nazo, ili mwili uyapokee vizuri. Chai usinywe wakati wa kula, kwa sababu huzuia madini hayo.

Lakini vitamini B12 haipatikani katika mboga. Iko katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Asiyekula vyote hivyo anahitaji vidonge, au unga wa uji ulioongezwa vitamini hiyo. Mwili una akiba ya muda tu; ikiisha, damu hupungua, mikono na miguu hufa ganzi.

Mtoto hakuchagua

Mtu mzima anajichagulia. Mtoto hula anachopewa. Tumbo lake ni dogo, na mwili wake unakua upesi. Mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku chakula kitokanacho na mnyama: nyama, samaki au yai. Ndagala zilizosagwa vizuri na kutiwa katika uji ni msaada mkubwa.

Mama mjamzito au anayenyonyesha, kama huli nyama, samaki, mayai wala maziwa, mwambie muuguzi mapema. Mtoto hupata B12 kutoka kwako. Usione haya: kusema hivyo si kuacha imani yako. Muuguzi akijua unachokula, ndipo ataweza kukusaidia wewe na mtoto.