Kitabu cha Karani Kinasimulia

Sogeeni karibu, wanangu. Leo kuna kitabu kinataka kuzungumza nanyi. Ni kikubwa, na kurasa zake zimegeuka rangi ya chai. Kimetoka mbali, Marekani, katika jimbo la North Carolina. Jimbo hilo limegawanywa kaunti kaunti, na kila kaunti ina jengo la mahakama. Zamani humo ndimo alimokaa karani aliyeandika habari za ndoa. Haya, kitabu, sema.

"Hamjambo, watoto. Kabla sijazaliwa mimi, walikuwapo wazee wangu: karatasi za dhamana. Kijana akitaka kuoa kwa leseni, alikwenda kwa karani pamoja na mdhamini, mara nyingi ndugu au jirani. Sheria ya mwaka 1741 ilitaka dhamana ya paundi 50. Karani akachovya kalamu, akaandika."

Paundi 50! Kijana maskini alizitoa wapi?

Swali zuri sana hilo, mwanangu. Hakuzitoa. Ni kama mama anapoazima sufuria kubwa ya jirani kwa ajili ya pilau. Halipi kitu. Anasema tu, "Ikipotea, nitailipa." Fedha ya dhamana ilidaiwa ikiwa tu ndoa ilikuwa na kizuizi cha kisheria, tuseme bwana harusi ana mke mwingine aliyemficha.

"Basi karatasi ile," kitabu kinaendelea, "ilikunjwa, ikafungwa furushi na wenzake, ikawekwa. Lakini kuweni waangalifu. Inaonyesha kwamba watu walikusudia kuoana. Haithibitishi kwamba harusi ilifanyika."

Je, kila mtu aliandikwa?

Hapana, mwanangu, na hapa ndipo pananiuma. Watu weusi waliokuwa utumwani hawakuandikwa. Walipendana, wakaoana mbele ya ndugu zao, wakalea watoto. Sheria ikasema hiyo si ndoa. Bwana wao aliweza kumuuza mume huku na mke kule, na hakuna mahakama iliyomzuia. Kalamu ilikuwapo. Wino ulikuwapo. Jina halikuandikwa.

Utumwa ukakomeshwa mwaka 1865. Machi 1866, jimbo likatunga sheria: waliokuwa wakiishi kama mke na mume tangu utumwani, sasa ni mke na mume. Waende kwa karani au kwa hakimu, wakiri ndoa yao, iandikwe.

"Hapo ndipo nilipozaliwa mimi!" kinasema kitabu. "Wakaja wazee wenye mvi, wakaja vijana wenye watoto mgongoni. Karani akachovya kalamu, akaandika. Jina la mume. Jina la mke. Na muda waliokwisha kuishi pamoja. Wengine miaka miwili, wengine makumi ya miaka."

Walifunga ndoa upya?

La, na umefanya vizuri kuuliza! Hawakuambiwa waanze upya. Ndoa yao ilihesabiwa tangu siku ile walipoanza kuishi pamoja. Ila walilipishwa senti 25, na asiyejiandikisha alihesabiwa ana kosa. Mimi naona haikuwa haki. Mtu amefanya kazi maisha yake yote bila ujira, kisha unamdai senti za kuandikiwa mke wake mwenyewe?

Vitabu kama hiki havikubaki vyote. Kuna mahakama zilizoungua, kuna kurasa zilizoliwa na unyevu. Vilivyosalimika vingi viko kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo, mjini Raleigh. Vilipigwa picha kwenye filamu ndogo, na sasa vingi vinasomeka kwenye kompyuta. Wazao wa wale wazee hupitisha kidole kwenye orodha ya majina, herufi kwa herufi. Katika vitabu vingi vya kaunti, orodha hizo hupangwa kwa jina la mume. Ukimtafuta bibi, shurti uwe mvumilivu.

Lakini miaka waliyoishi pamoja, karani aliijuaje? Si hawakuwa wameandikwa popote?

Ee, mwanangu, una akili wewe! Aliwauliza wenyewe. Pengine mume alianza kutaja mwaka, mke akamsahihisha: "Hapana, ilikuwa kabla ya mvulana wetu mkubwa kuzaliwa." Karani akachovya kalamu, akaandika walivyosema.