Betri Ile Imetoka Kiwanda Gani? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi mabamba ya risasi na asidi yanavyozaa umeme. Leo tuingie kwenye ubishi wa kila siku katika maduka ya vipuri ya Kindu, hasa upande wa Kasuku: betri hii nani kaitengeneza?

Muuzaji ukimwuliza, jibu analo mdomoni. "Papa, hii ni ya Korea, ya kweli kabisa." Huenda anasema kweli. Korea Kusini ina viwanda vikubwa vya betri: Sebang hutengeneza Rocket, na Hyundai Sungwoo hutengeneza Solite. Lakini jina lililobandikwa kwenye sanduku ni mali ya mfanyabiashara, na mfanyabiashara anaweza kumiliki jina bila kumiliki hata tanuri moja la kuyeyushia risasi.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Marekani. Mwaka 1967 maduka ya Sears yalianza kuuza betri iitwayo DieHard, ikapata sifa nchi nzima. Sears hawakuitengeneza. Waliiagiza kwa Globe-Union ya Milwaukee, kampuni ambayo Johnson Controls iliinunua mwaka 1978. Mwishoni mwa 2019, Sears walipokuwa hoi, jina la DieHard liliuzwa kwa Advance Auto Parts kwa dola milioni 200. Fedha zote hizo kwa jina tu! Mwaka uleule Johnson Controls nayo iliuza kitengo chake cha betri, ambacho sasa ni Clarios. Hutoa betri zipatazo milioni 150 kwa mwaka, nyingi zikivaa majina ya maduka ya watu wengine.

Je, betri mbili zilizotoka kiwanda kimoja ni sawa? Si lazima, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Fundi cherehani mmoja hushona suti ya harusi na sare ya shule. Kitambaa hufuata mfuko wa mteja. Mwenye kuagiza betri ndiye anayesema anataka mabamba mangapi, yawe mazito kiasi gani, na dhamana idumu miezi mingapi.

Kuna pia jina moja lenye wenyewe wengi. Exide ya Kolkata, yaani Exide Industries, si kampuni moja na Exide Technologies iliyoanzia Marekani, na Chloride Exide inayouzwa Kenya hutengenezwa Nairobi na Associated Battery Manufacturers. VARTA ya gari ni ya Clarios, ilhali VARTA ndogo ya tochi ina mwenyewe mwingine. Kwa hiyo anayesema "mimi naamini Exide" ajiulize kwanza ni Exide ipi.

Kwetu Maniema kuna jambo la ziada, nalo ni safari. Mzigo hufika Kindu kwa reli kutoka kusini, kwa mto kutoka Ubundu, au kwa ndege, na kwa ndege kila kilo hulipiwa. Risasi ni nzito. Mwenye kuleta betri nyepesi hupata faida mara mbili: kainunua rahisi, kaisafirisha rahisi. Tena betri yenye asidi huhesabiwa mzigo wa hatari ndani ya ndege, kwa hiyo nyingine huja kavu na kutiwa asidi hukuhuku. Hapo kiwanda cha mwisho ni mikono ya muuzaji. Asidi ya betri iliyojaa chaji huwa na uzito wa takriban 1.28 ukilinganisha na maji. Akiipunguza kwa maji ya kisima, hata betri bora duniani itakufa mapema.

Basi tuangalie nini? Wengi husoma maandishi kama 55D23L wakasema ni ya Japani. Huo ni utaratibu wa Kijapani wa vipimo, na kiwanda chochote duniani huweza kuuandika: 23 ni urefu kwa sentimita, na L huonyesha upande ilipo ncha chanya. Hautaji mtengenezaji. Afadhali kutafuta nchi na tarehe zilizopigwa muhuri kwenye plastiki yenyewe, maana karatasi hubandikwa juu ya karatasi. Kisha iwekwe kwenye mizani ya mchele. Betri ya gari ya ampea-saa 60, yenye asidi yake, huwa na kilo kama 15, na zaidi ya nusu ni risasi. Ikisoma 10, namba iliyoandikwa juu ni pambo.

Mizani hiyohiyo isaidie wanaonunua betri ya kuwashia taa za nyumbani kwa jua. Betri ya gari ina mabamba membamba mengi, ili itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiimaliza kila usiku kwa taa na televisheni, haidumu miaka. Ya jua hutaka mabamba manene, kwa hiyo kwa ampea-saa zilezile huwa nzito zaidi. Mbili zikilingana kwa uzito na sanduku, moja ina picha ya gari na nyingine picha ya jua, mimi nanunua ya bei ndogo.

Sehemu ya tatu itaifuata betri iliyokwisha: nani huinunua, na yaliyowapata wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walipokuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha risasi yake.