Baada ya Kiharusi, Msimlaze Mzee Ndani

Mzee akipata kiharusi huku kwetu Mabamba, kila anayekuja kutoa pole hutazama mkono na mguu. Miezi inapita, mguu unapata nafuu, lakini nyumbani wanasema mzee amekuwa mtoto. Anasahau dawa, anashindwa kuhesabu fedha za maharage, anakasirika upesi. Wengine hunong'ona kwamba amelogwa.

Hakulogwa. Mshipa wa damu kichwani uliziba au ulipasuka, na sehemu ya ubongo ikafa. Mara nyingi chanzo ni shinikizo la damu. Wala si ugonjwa wa mjini tu: utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006 ulikuta wagonjwa wapya wapatao 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000 Dar es Salaam, na 109 vijijini wilayani Hai.

Ubongo uliobaki unaweza kujifunza kazi ya sehemu iliyokufa, na mazoezi yanayoendesha moyo mbio kidogo huusaidia. Damu hufika vizuri, na mwili hutengeneza protini inayolisha chembe za fahamu. Huko Toronto, Kanada, wagonjwa 41 walifanya mazoezi kwa miezi sita. Mwanzoni theluthi mbili walikuwa na upungufu wa fikra. Mwishoni walibaki kidogo zaidi ya theluthi moja (matokeo yalitolewa mwaka 2013). Ni watu wachache, kwa hiyo tusimwahidi mtu muujiza.

Kwanza ni hospitali, tena mara moja mdomo unapopinda, mkono unapolegea au maneno yanapokwama. Msimwinue kwa nguvu siku hiyo: utafiti mkubwa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa walioanzishwa mazoezi mengi ndani ya saa 24 walipona vibaya zaidi.

Daktari akiruhusu, aanze na dakika tano katika barabara tambarare. Milima yetu ingoje! Fimbo aishike kwa mkono mzima, nawe tembea upande uliolegea. Ongezeni polepole hadi dakika 20 au 30, siku tatu au zaidi kwa wiki. Mwendo unaofaa ni ule ambao anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Mwulize njiani nyumba ile ni ya nani. Akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, asimame na apelekwe kituo cha afya. Dawa za presha asiache, hata akijisikia mzima.