Mumiani Hana Meno

Kwenye vibanda umiza vya kuonyeshea filamu vya Morogoro, binti mwenye kijiti kilichochongwa ncha ameshaua vampaya wasiohesabika, huku sauti ya DJ mtafsiri ikimtania kwa Kiswahili cha mtaani. Wamarekani walimzoea zamani: Anita Blake aliingia vitabuni mwaka 1993, na Buffy akapata kipindi chake cha televisheni mwaka 1997. Sasa tuseme mwandishi wa hapa Mji Kasoro Bahari anataka mfululizo wake mwenyewe. Shujaa wake anaishi Mwembesongo, ana nguvu zisizo za kawaida, na giza likiingia anapanda Uluguru kuwasaka wanyonya damu. Mwandishi huyo ataletewa ushauri mwingi na watu wanaojua kila kitu. Nimekusanya baadhi ya yanayosemwa, na kila moja nimelitolea hukumu.

“Jua humuua vampaya.”

Si kweli, hata huko alikotoka. Bram Stoker alipochapisha Dracula mwaka 1897, alimwacha bwana huyo atembee London mchana kweupe, ila nguvu zake zilikuwa zimepungua. Kuteketezwa na jua kulikuja na filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922, Nosferatu. Mumiani, mchukua damu wa uvumi wa kwetu, naye jua halimsumbui. Katika uvumi hupenda magharibi na njia isiyo na watu, kwa sababu ileile inayomfanya mwizi apende giza.

“Popo wa Uluguru hunyonya damu.”

Si kweli. Duniani kuna aina 3 tu za popo wanaoishi kwa damu, na zote ziko Amerika, kuanzia Mexico kwenda kusini. Popo wetu hula matunda na wadudu. Mnyonya damu halisi wa Morogoro ni mbu, tena ni jike peke yake, maana dume hunywa maji matamu ya maua. Mwandishi akitaka kulitumia hilo, ruksa.

“Mumiani ni vampaya wa Kizungu aliyebadilishiwa jina.”

Si kweli, na hapa ndipo riwaya nyingi zitakapoanguka. Vampaya wa Ulaya ni maiti inayofufuka. Huuma shingo kwa sababu ana njaa, na riwayani mara nyingi ni mtu wa ukoo mkubwa mwenye ngome yake. Mumiani hana njaa. Ana kazi, na ana tajiri aliyemtuma. Damu haimhusu yeye mwenyewe. Anaichukua kwa sindano, mpira na chupa, ipelekwe mahali ikatengenezwe dawa. Dawa yenyewe ilikuwepo. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaitaja mumiani kama kitu cheusi mfano wa utomvu, kilicholetwa na wafanyabiashara wa ng'ambo na kutumiwa kutibu. Ilikuwa bidhaa ya dukani kabla haijawa mtu wa kutisha watoto.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mtu huyo alienea Afrika Mashariki nzima, na mara nyingi alivaa sare. Nairobi na Kampala aliitwa mzimamoto, kwa kuwa gari jekundu lenye mipira mirefu na watu wanaokesha wakingoja lilikuwa jambo gumu kulieleza. Mombasa, Juni 1947, umati ulishambulia kituo cha zimamoto kwa uvumi huo. Mwanahistoria Luise White aliukusanya ushahidi wa namna hii katika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2000. Uluguru kwenyewe, ambako utasikia pia jina la chinjachinja, mwanaanthropolojia Mholanzi Peter Pels aliukuta uvumi huu ukiwahusu wageni weupe, mapadre wakiwemo, na mwaka 1992 akauandikia makala.

Kwa hiyo kijiti cha Buffy hapa hakina kazi. Ukimchoma mumiani mmoja, tajiri ataajiri mwingine Jumatatu.

“Uvumi huu ni wa watu wasiosoma.”

Si kweli, ingawa ndiyo hukumu inayotolewa haraka kuliko zote, na ninaichukia. Chukua ugonjwa wa matende na mabusha, ambao ukanda wa pwani hadi Morogoro unaujua vizuri. Vijidudu vyake hujificha mchana ndani ya mwili, na huingia kwa wingi kwenye mishipa ya pembeni usiku, takriban kati ya saa nne na saa nane. Timu ya afya iliyotaka kujua nani anavyo ililazimika kufika kijijini usiku, na taa, sindano na vioo vidogo, ikatoa damu ya watu wazima kwa watoto, kisha ikaondoka nayo. Kisayansi hakukuwa na njia nyingine wakati ule. Lakini mtaje mtu yeyote, hata profesa, ambaye angebishiwa hodi saa sita usiku na wageni wanaotaka damu yake, asiulize maswali.

Ongeza hapo serikali ya kikoloni iliyozoea kuamuru bila kueleza. Miaka ya mwanzo ya 1950 Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao kwa jina la kuhifadhi udongo. Kazi ilikuwa nzito na mavuno yake hayakuonekana, na mwaka 1955 chuki ililipuka huko Matombo. Polisi walifyatua risasi na mtu akafa. Anayechukua jasho lako kwa nguvu, kwa nini usimdhanie damu?

Kuuelewa uvumi hakuufanyi kuwa kweli. Damu nzima hata leo hukaa takriban siku 35 tu, tena kwenye jokofu na dawa ya kuzuia isigande. Benki za damu za hospitali zilianza miaka ya 1930, nchi za mbali. Uvumi wetu ulikuwa umeshatangulia, na soko ambalo mumiani angeuzia halikuwepo.

Na uvumi unaua. Tarehe 1 Oktoba 2016, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Walikuwa wanachukua sampuli za udongo. Watu waliambiwa ni wanyonya damu. Mwaka uliofuata, kusini mwa Malawi, uvumi wa aina hiyo ulisababisha vifo vingine na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika baadhi ya maeneo.

“Mwanamke mwindaji ni uzushi wa Hollywood.”

Si kweli kabisa, na mkoa wa Morogoro unao ushahidi. Nenda kusini, bonde la Kilombero hadi Malinyi, kijiji cha Ihowanja. Huko ndiko alikokuwa Bibi Kalembwana, mganga ambaye jina lake lilivuka mipaka ya mkoa. Watu waliotuhumiwa uchawi walipelekwa kwake, mara nyingi na ndugu zao wenyewe, wakanyolewa nywele na kupewa dawa, na baada ya hapo walihesabiwa kuwa hawana tena uwezo wa kuroga. Mara nyingi mshitaki naye alinyolewa. Wenye utani waliita shughuli hiyo saluni, na watafiti Maia Green na Simeon Mesaki waliiandika kwa jina hilo mwaka 2005. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, haipendi mtu kumtaja mwenzake mchawi, na mimi sisemi wembe uliondoa chochote zaidi ya nywele. Ila mtuhumiwa wa Ihowanja alirudi nyumbani akiwa na kipara na uhai wake. Sehemu nyingine za nchi, vikongwe waliotuhumiwa walikatwa mapanga.

Angalia pia ambaye hakupelekwa saluni: mumiani. Mchawi ni shangazi, jirani, mke mwenza. Lazima ipatikane njia ya kuendelea kuishi naye. Mumiani ni mgeni na gari lake, na mgeni hanyolewi.

Upande wa Uluguru kuna Kolelo, mzimu wa pangoni anayesimuliwa kama joka kubwa. Watu walisafiri kutoka Uzaramo kumwomba mvua, na mwaka 1905 ilienezwa habari kwamba amekataza kuwalipa Wajerumani kodi. Katika masimulizi yaliyoandikwa na wamisionari wa wakati huo, Kolelo alimchukua mwanamke akaingia naye pangoni. Mwandishi anayetafuta chimbuko la nguvu za shujaa wake, tena katika jamii ambayo ukoo huhesabiwa kwa mama, hana haja ya kwenda Transylvania.

“Kiswahili hakina hadithi za namna hii.”

Nusu kweli. Hammie Rajab aliandika Miujiza ya Mlima Kolelo, na Mussa Banzi alitutisha kwa filamu za Nsyuka na Shumileta, hii ya pili ikiwa na jini wa kike. Nusu inayobaki ni kweli na inaudhi: katika riwaya zetu za mtaani mwanamke mara nyingi ni chambo, au ni maiti inayookotwa ukurasa wa kwanza. Anayewinda kwa mfululizo wa vitabu, kwa jina lake, sijamwona.

Atakayemwandika ana uamuzi mmoja mgumu kabla ya sura ya kwanza. Gari limesimama kando ya barabara ya Matombo, ndani kuna vijana wawili wenye vichupa vya sampuli, na watu wa kijiji wanateremka na mapanga wakiamini wamempata mumiani. Binti yetu ana nguvu za kuwazidi wote. Asimame upande gani wa lile gari, na atamwambia nini mama yake mzazi aliyeko kwenye umati?