Ahadi ya Amani katika Mijadala ya Dini: Kisa cha Constance na Hukumu ya Fiqhi

Waislamu wa Ipinda, na wa wilaya nzima ya Kyela, wana majirani Wamoraviani na Walutheri. Wamisionari wa makanisa hayo mawili walitoka Ujerumani na kuingia nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891. Wengi wetu huwaita Wakristo tu, pasina kujua kuwa historia ya makanisa yote mawili imeguswa na kisa kimoja cha ahadi iliyovunjwa. Kisa hicho kinahusu mlango maarufu wa fiqhi, nao ni mlango wa amani (aman).

Amani katika sheria

Aman ni ahadi ya usalama anayopewa asiyekuwa Muislamu. Aya ya 6 ya Suratut-Tawba inaamrisha kuwa mshirikina akiomba hifadhi apewe, ayasikie maneno ya Allah (s.w.), kisha afikishwe mahali pake pa salama. Haikushurutishwa kwanza asilimu. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa dhima ya Waislamu ni moja, hata aliye wa chini yao anaweza kuitoa. Siku ya Fat-h Makka, Ummu Hani (r.a.) aliwapa hifadhi washirikina ambao nduguye, Ali (r.a.), alitaka kuwaua. Mtume (s.a.w.) akaipitisha hifadhi yake.

Wanachuoni wamehitilafiana katika matawi. Kwa mfano, aman ya mtumwa inasihi kwa jamhuri, lakini kwa Imam Abu Hanifa haisihi ila awe ameruhusiwa kupigana. Ama aman iliyotolewa sawasawa, kuivunja ni khiyana.

Yaliyotokea Constance

Jan Hus alikuwa padri na mwalimu wa chuo kikuu cha Prague. Alikosoa mwenendo wa viongozi wa kanisa na mamlaka ya Papa. Mwaka 1414 aliitwa mbele ya mtaguso, yaani baraza kuu la kanisa, katika mji wa Constance. Mfalme Sigismund akampa hati ya usalama. Hata hivyo, alipofika alitiwa kifungoni. Miongoni mwa waliosimama dhidi yake ni wanatheolojia wakubwa wa Paris, Pierre d'Ailly na Jean Gerson. Tarehe 6 Julai 1415 alichomwa moto.

Septemba ya mwaka huohuo mtaguso ukaamua kuwa hati ya mfalme haiwezi kuizuia mahakama ya kanisa kumhukumu mzushi. Hapa ndipo penye tofauti. Kwao, ahadi ya mfalme haikulifunga kanisa. Katika sheria yetu, ahadi ya Muislamu wa kawaida inawafunga Waislamu wote.

Matokeo yake

Vita vikazuka Bohemia. Mwaka 1457 baadhi ya wafuasi wa Hus waliokataa vita wakaanzisha Umoja wa Ndugu, ambao ndio asili ya Wamoraviani.

Mwaka 1519 mwanatheolojia Mkatoliki Johann Eck alimbana Martin Luther katika mjadala wa Leipzig, mpaka akakiri kuwa baadhi ya maneno ya Hus yalikuwa sahihi. Luther alipoitwa Worms mwaka 1521, naye alipewa hati na Kaisari Karl wa 5. Safari hii hati iliheshimiwa, akaondoka salama.

Lakini jeraha lilibaki. Katika Mtaguso wa Trento (1545 hadi 1563), Waprotestanti walidai hati madhubuti. Mwaka 1552 walipewa hati iliyotamka wazi kuwa uamuzi wa Constance hautatumika dhidi yao. Wajumbe wachache walifika, lakini vita vikasababisha mtaguso kuahirishwa kabla ya mjadala. Mwaka 1999 Papa Yohane Paulo wa 2 alieleza majuto yake kwa kifo cha kikatili cha Hus.

Mazingatio

Tusisome haya kwa kujitukuza. Mwaka 132 Hijria (750), Ibn Hubayra alisalimu amri Wasit baada ya kupewa aman na Bani Abbas, kisha akauawa. Sheria ilikuwa wazi. Watawala ndio walioivunja.

Katika miji yetu mihadhara ya kulinganisha dini ni jambo la kawaida. Mchungaji au padri anayealikwa kujadiliana anakuja kwa kuamini neno letu. Asikatizwe maneno, asitukanwe, na arudi kwake salama, hata kama aliyemwalika ni kijana mmoja tu wa msikitini. Hoja zetu zikishindwa siku moja, zitapata siku nyingine. Ahadi ikivunjwa, kama tulivyoona, hata baada ya miaka 137 bado watu wanaidai.

Wallahu a'lam.