Je, Wajua? Nia na Kitendo Katika Jinai ya Kuua

Je, wajua kwamba, kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, mtu hatiwi hatiani kwa kuua kwa kukusudia kwa sababu tu mkono wake umetoa roho, bali sharti kitendo na nia vithibitike pamoja?

Tarehe 25 Desemba 1971, huko Isimani mkoani Iringa, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Kleruu, kisha akaipakia maiti garini na kuipeleka mwenyewe kituo cha polisi. Hivyo kitendo kilikuwa dhahiri, ikasalia Mahakama Kuu kuipima nia.

Lau ingalithibiti kwamba aliua kwa ghadhabu ya ghafla, baada ya kuchokozwa na kabla moyo haujatulia, kifungu cha 201 kingaliishusha jinai hiyo iwe kuua bila kukusudia, ambako adhabu ya juu ni kifungo cha maisha. Lakini alipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, akanyongwa.

Ama adhamiriaye shari moyoni tu, awe Iringa au Mbeya, hashitakiwi hata kwa kujaribu: kifungu cha 380 chataka nia idhihirishwe kwa kitendo cha wazi.