Papa anakataa kulisha mtoto: mama aanzie wapi?

Katika karti nyingi za Bukavu, Uvira, Bunia ao Butembo, mambo huenda namna moja. Binti amepata mimba, familia yake imefika kwa familia ya kijana, wazee wameikaa, mbuzi zimehesabiwa, faini imelipwa. Watu wamekunywa, wamepeana mikono, kila mtu amerudi kwake. Kiisha miezi sita mtoto anashikwa na malaria, mama hana hata franka ya dawa, na anapomwandikia papa wa mtoto kwenye telefone, jibu linakuja fupi: "Miye nilisha kulipa."

Ni kweli, alilipa. Lakini alilipa nini? Ile faini ni ya kuondoa haya kwa familia ya binti. Iliingia mikononi mwa baba yake na wajomba wake. Mtoto hakuwa na kiti katika kikao kile, na hakuna makuta yoyote iliyowekwa pembeni kwa ajili ya maziwa yake. Mbele ya sheria ya Kongo hayo ni mambo mawili mbalimbali, na la kwanza halimalizi la pili.

Sheria ya familia, ile wanayoita Code de la famille, ilitoka tarehe 1 Agosti 1987 na ikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Kifungu chake cha 591 kinasema kwamba kila mtoto wa Kongo anapaswa kuwa na baba, na kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa ao inje. Sheria nyingine, ya tarehe 10 Januari 2009, inayohusu ulinzi wa mtoto, inawapa wazazi wote wawili mzigo wa kumlisha, kumvalisha, kumtunza na kumsomesha. Hakuna mahali ambako imeandikwa kwamba mahari inapaswa kutolewa kwanza. Hakuna pia mahali ambako imeandikwa kwamba papa na mama wanapaswa kuwa bado wanapendana.

Basi kwa nini wamama wengi wanarudi mikono mitupu? Sababu kubwa ni kwamba wanaanzia katikati ya njia. Wanaomba feza ya mtoto kwa mtu ambaye, kwenye karatasi, hajawa papa wa mtoto.

Kwa mama aliyeolewa kwa sheria, jambo hili ni rahisi: bwana wake anahesabiwa kuwa baba ya mtoto. Kwa mtoto aliyezaliwa inje ya ndoa, papa anapaswa kumtambua mbele ya ofisa wa etasivili, kule kwenye komini ao sekta. Kwa Kifaransa kitendo hicho kinaitwa affiliation. Mama anaweza kwenda peke yake kuandikisha mtoto, na ni vizuri aende, lakini kutaja tu jina la mwanaume ambaye hayupo na hajakubali hakumfungi mwanaume huyo.

Hapa kuna kosa moja linaloonekana kila siku. Ile karatasi inayotolewa na materniti siyo akti ya kuzaliwa. Ni ushuhuda tu kwamba mtoto alizaliwa pale, siku fulani. Mama anaiweka vizuri kwenye valizi miaka mitano, akifikiri mtoto ameandikishwa, hadi siku ya masomo ao siku ya tribinali. Akti yenyewe inatoka etasivili, na kuandikisha ni bure ndani ya siku 90 baada ya mtoto kuzaliwa. Anayeombwa feza kabla ya siku hizo kuisha aombe na risiti. Mara nyingi neno hilo peke yake linafanya bei ishuke. Siku 90 zikipita, njia haijafungwa, ila inakuwa ndefu: ni kuomba tribinali ya watoto itoe hukumu inayochukua nafasi ya akti, wanayoita jugement supplétif, na hapo kuna gharama na safari.

Papa akikataa kabisa kumtambua mtoto, mama anaweza kumfikisha mbele ya tribinali ya watoto (kwenye mlango imeandikwa tribunal pour enfants) ili hakimu atafute na kusema baba ni nani. Wengi wanafikiri bila kipimo cha ADN hakuna kesi. Kipimo hicho ni ghali na kiko mbali kwa watu wengi wa mashariki, lakini hakimu anaangalia mambo mengine pia: kama wawili hao waliishi pamoja, kama mwanaume alipeleka mama materniti, kama alimpa mtoto jina, kama majirani na familia yake walimjua kama papa. Meseji za telefone zinasaidia. Risiti za M-Pesa ao Airtel Money zinasaidia. Hata ule muswada wa faini ya mbuzi, kama wazee waliuandika na kijana akaweka sinyatiri, unaweza kugeuka kuwa ushuhuda mzuri dhidi ya yule anayesema leo kwamba hamjui mtoto.

Na kama baba hapatikani kabisa, ao haijulikani ni nani? Sheria inaruhusu tribinali kumpa mtoto baba wa kisheria, kutoka familia ya mama, ao mtu mwingine anayependekezwa na mama. Hatakuwa baba wa damu, lakini anabeba madaraka ya baba. Ni mlango ambao watu wachache wanaujua, na kwa wanawake waliozaa kwa kulazimishwa wakati wa vita unaweza kuwa wa maana sana.

Kuna sababu nyingine ya kutongoja. Papa wengi wa jimbo hizi wanaishi maisha ya hatari: wanachimba dhahabu Kamituga, Misisi ao Mongbwalu, wanaendesha moto usiku, wako jeshini. Papa akifa, mtoto wa inje ya ndoa anahesabiwa katika kundi la kwanza la wariti, pamoja na watoto wa ndani ya ndoa, kama alitambuliwa wakati papa alikuwa mzima. Kiisha mazishi, familia inayokuwa imesema "ni mtoto wetu" inaweza kubadili wimbo pale nyumba na kiwanja vinapogawanywa.

Karatasi ikiisha kupatikana, ndipo swali la feza linafika: ile pension alimentaire. Kongo haina orodha ya bei kwa kila mtoto. Hakimu anapima vitu viwili, lazima za mtoto na uwezo wa anayedaiwa. Kwa hiyo mama asifike na maneno tu ya "anipe feza." Afike na hesabu: unga, nguo, masomo, kodi ya nyumba, dawa, vyote vya mwezi mmoja. Na afike na anachojua juu ya mapato ya papa: anafanya kazi wapi, ana moto ngapi, ana nyumba ya kupangisha ao hapana. Mambo yakibadilika, papa akipoteza kazi ao mtoto akiingia sekondari, kila upande unaweza kurudi kuomba kiasi kibadilishwe. Na papa anayebaki na watoto wakati mama ana mshahara, naye ana haki ya kuomba vilevile.

Watu wengi wanaruka haya yote na kwenda polisi, ao kwa mwanajeshi wa jirani, ili papa "ashikwe kidogo." Anashikwa kweli, analipa, anatoka. Swali ni moja: alimlipa nani? Mara nyingi feza inabaki kwenye meza ya aliyemshika, na kesho yake mama ana adui mpya badala ya masaidio. Kudai feza ya mtoto ni kazi ya hakimu. Polisi inaingia pale kuna kosa la jinai: mama amepigwa, mtoto ametupwa, ao papa anakataa kwa makusudi kutii hukumu iliyokwisha kukatwa.

Jambo moja halizungumzwi na wazee hata kidogo. Kama binti hajafikisha miaka 18, mimba siyo tena habari ya mbuzi. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji zinaihesabu kuwa kosa la jinai, na kosa hilo halimalizwi kwa faini wala kwa kumwoza binti. Sheria ya familia nayo inakataza ndoa kabla ya miaka 18. Familia inayopanga kimya inamficha mkosaji, na binti anabaki bila matunzo ya hospitali na bila haki. Hata hivyo, mtoto atakayezaliwa ana haki yake ya kulishwa na baba yule yule.

Masaidio yanapatikana wapi? Kila chama cha avoka, yaani baro, kina ofisi ya mashauri ya bure. Kuna pia kliniki za kisheria za mashirika, ambazo mara nyingi ziko karibu na hospitali ao ofisi za wanawake. Kwenye komini ao divizio ya mambo ya jamii, mama asiye na uwezo anaweza kuomba karatasi ya ukosefu, attestation d'indigence, ili aombe tribinali imwondolee gharama. Siyo lazima kuwa na avoka ili kufika mbele ya tribinali ya watoto. Mtu anaweza kwenda kwenye grefe, aeleze shida yake na aulize kesi yake ni ya tribinali ya wapi. Mahali ambako tribinali ya watoto haijafika, watu huanzia kwenye tribinali ya amani.

Mapatano ya familia hayakatazwi, na pengine ndiyo yanayoenda mbio zaidi. Lakini yaandikwe: kiasi gani, tarehe ngapi ya mwezi, kwa namba gani ya telefone, nani anashika kadi ya hospitali. Mashahidi watie sinyatiri. Kiisha wapande wawili wanaweza kupeleka karatasi hiyo tribinali ili ipate nguvu. Mapatano ya midomo yanaishi hadi papa apate bibi mwingine.

Sasa, ukweli mchungu: hukumu haileti feza yenyewe. Papa mwenye mshahara ni rahisi kumfikia, kwa sababu tribinali inaweza kuamuru sehemu ya mshahara ikatwe kule unakotoka, hata kabla haujafika mfukoni mwake. Mwalimu, muuguzi, mfanyakazi wa shirika, hao hawana pa kujificha. Mchimbaji anayehama kutoka karé moja kwenda nyingine, huyo ni kazi. Isye, yaani ofisa wa tribinali anayetekeleza hukumu, anaweza kushika mali yake, lakini mali ijulikane iko wapi. Ndiyo maana avoka mmoja mzuri atauliza juu ya moto, kiwanja na ng'ombe mapema, kabla papa hajaviuzisha kwa ndugu yake.

Kuna pia wamama wanaomnyima papa kumuona mtoto hadi alipe, na mapapa wanaokataa kulipa hadi wamuone. Hakimu hatazami mambo hivyo. Kulisha ni haki ya mtoto, na kumuona mzazi wake ni haki ya mtoto pia. Hakuna moja inayouzwa kwa nyingine.

Kwa wale wanaoishi mahali ambako tribinali za Serikali zilisimama kwa sababu ya vita, ao waliokimbia na kuacha kila kitu, kazi ya sasa ni kuchunga ushuhuda. Akti, karatasi ya materniti, muswada wa familia, kopi ya hukumu: vyote vipigwe picha na kutumwa kwa ndugu wawili wanaokaa miji mbalimbali. Majina ya mashahidi yaandikwe, na namba zao. Aliyekimbilia muji mwingine anaweza kuuliza kwenye grefe ya huko kama kesi yake inaweza kupokelewa pale mtoto anapoishi sasa, na aliyepoteza akti aulize pia namna ya kupata nyingine, kabla ya kuanza kudai feza.